Amplifaya Kuukuu na Sauti Nzito: Maoni Juu ya Kufundisha Sauti na Umeme katika Shule za Msingi

Katika bonde la Kilombero, kuanzia Kidatu hadi Mlimba, vyombo viwili vya sauti vimekuwa vya kawaida. Cha kwanza ni amplifaya ya mikutano, yaani lile sanduku zito la chuma linalounganishwa na maikrofoni upande mmoja na spika za honi upande wa pili. Shule, ofisi za vijiji, misikiti, makanisa na magari ya matangazo hulitumia. Cha pili ni sabufa, ile spika ya sauti nzito inayosikika majumbani, vinyozini na madukani mjini Ifakara tangu asubuhi hadi usiku. Aghalabu hutokea kwamba cha kwanza kimewekwa stoo kwa sababu honi zake zimekufa, na cha pili kimesukumwa uvunguni kwa sababu umeme uliopanda na kushuka umeunguza mitambo yake ya ndani, ilhali spika yenyewe ni nzima. Hapo ndipo swali huzuka, na mara nyingi mwenye kuliuliza ni mtoto wa shule: je, amplifaya ile ya mikutano haiwezi kuiendesha spika ya sabufa hii?

Maoni yetu ni kwamba swali hilo lina haki ya kujibiwa darasani. Halipaswi kuachiwa kibanda cha fundi wa redio peke yake, wala halipaswi kujibiwa na mwalimu kwa neno moja la ndiyo au hapana. Ndani yake mna karibu kila jambo ambalo mtoto wa shule ya msingi anatakiwa kujifunza juu ya sauti na juu ya umeme. Isitoshe, mna fundisho kubwa zaidi, nalo ni kwamba chombo chochote kimeundwa kwa kazi fulani, na mwenye kutaka kukibadilishia kazi hana budi kwanza kuielewa kazi yake ya asili, kisha apime, ndipo aunganishe. Kwa sababu hiyo twapendekeza kwamba kila mwanachuo anayejiandaa kufundisha sayansi alijibu swali hili kwa mikono yake mwenyewe kabla ya kutoka chuoni.

Kazi ya asili ya kila chombo

Amplifaya ya mikutano, kama zile za TOA za Japani au Ahuja za India zinazoonekana katika sehemu nyingi za nchi yetu, iliundwa kwa ajili ya maneno ya binadamu. Maneno hayahitaji sauti nzito sana ili yaeleweke. Simu ya zamani ya waya ilipitisha mitetemo ya kati ya hezi 300 na hezi 3,400 tu, yaani mitetemo 300 hadi 3,400 kwa sekunde, na watu walielewana bila taabu. Honi nayo hufanya kazi vizuri katika eneo hilohilo. Ndiyo maana muziki unaopigwa kwa honi husikika mwembamba, kana kwamba ngoma zimeondolewa, ilhali tangazo la mkutano husikika hadi ng'ambo ya mashamba ya mpunga.

Sabufa ni kinyume chake. Yenyewe iliundwa kwa ajili ya mitetemo michache kwa sekunde, tuseme kati ya hezi 40 na hezi 120. Mtu akisemea kwenye sabufa peke yake, wasikilizaji watasikia mngurumo, wala hawatapambanua neno. Sababu ni kwamba konsonanti, ambazo ndizo hutenganisha neno na neno, zimo katika mitetemo mingi, na hiyo sabufa haiitoi.

Tofauti hiyo si ndogo, na ina maumbile yake. Sauti husafiri hewani kwa mwendo wa karibu mita 345 kwa sekunde katika joto la kawaida la bondeni. Wimbi la sauti yenye mitetemo 3,000 kwa sekunde lina urefu wa sentimita 11 na nusu, takriban upana wa kiganja pamoja na kidole. Wimbi la mitetemo 50 kwa sekunde lina urefu wa karibu mita 7, kama darasa lenyewe. Ili kuyasukuma mawimbi marefu namna hiyo, kiwambo cha spika hakina budi kuwa kipana na kwenda mbele na nyuma kwa umbali mkubwa. Kanuni yenyewe ni nyepesi: kwa kiwambo kilekile na nguvu ileile ya sauti, mitetemo ikipungua kwa nusu, kiwambo chapaswa kusogea mara nne zaidi. Mtoto aliyeweka mkono mbele ya sabufa na kuhisi upepo ukitoka amekwisha kuiona kanuni hiyo kwa ngozi yake. Kilichobaki ni mwalimu kumpa maneno ya kuieleza.

Maneno ya kusemea sauti

Juu ya maneno hayo twapenda kutua kidogo, kwa kuwa masomo mengi ya sauti huharibikia hapo. Kiswahili cha kila siku husema "sauti ya juu" kwa maana mbili. Mwalimu akimwambia mtoto asome kwa sauti ya juu, anamtaka asikike na darasa zima. Mwalimu wa kwaya akisema kwamba wasichana wanaimba sauti ya juu, maana yake ni sauti nyembamba. Vivyo hivyo "sauti kubwa" huchanganywa na "sauti nzito". Mtoto anayeingia katika mada ya sauti huku maneno haya yamechanganyika kichwani atajaza majibu ya mtihani kwa kukariri, na wiki ya pili atakuwa amesahau.

Basi mwalimu na aanze kwa kuyatenga maneno. Ukubwa na udogo ni habari ya nguvu ya mtetemo, yaani kiwambo kimesogea kiasi gani. Uzito na wembamba ni habari ya wingi wa mitetemo, yaani kiwambo kimekwenda na kurudi mara ngapi kwa sekunde. Mtoto aliyekulia penye ngoma, iwe sangula ya Wapogoro au nyingine yoyote, anajua kwamba ngoma kubwa ikigongwa polepole hutoa sauti ndogo iliyo nzito, na kwamba filimbi ikipulizwa kwa nguvu hutoa sauti kubwa iliyo nyembamba. Maarifa hayo anayo tayari. Kazi ya mwalimu ni kuyapanga.

Jaribio lake halihitaji fedha. Wamba karatasi ya nailoni juu ya sufuria, uikaze kwa mpira wa baiskeli, kisha unyunyize punje chache za mchele juu yake. Iweke karibu na spika. Sauti nzito ikipigwa, punje zitaruka. Ikiongezwa nguvu, zitaruka juu zaidi, lakini sauti haitakuwa nzito kuliko ilivyokuwa. Ikibadilishwa kuwa nyembamba, punje huenda zikatulia kabisa ingawa masikio yanasikia sauti kubwa. Waulize wanafunzi ni kwa nini. Wakibishana, usiwakatize.

Penye shule isiyo na umeme wala spika, rula iliyobanwa ukingoni mwa meza yatosha kwa kuanzia. Sehemu inayochomoza ikiwa ndefu, mtetemo ni wa polepole na sauti ni nzito. Ikifupishwa, mtetemo waenda mbio na sauti huwa nyembamba. Mwalimu asiache kufundisha sauti kwa kisingizio cha vifaa.

Volti 100 na somo la Kidatu

Tukishayatenga maneno, twaweza kuigeukia amplifaya yenyewe. Nyuma yake mna skrubu za kutolea sauti. Baadhi zimeandikwa namba ndogo, 4, 8 au 16, ambazo ni kipimo cha ukinzani wa spika kwa omu. Nyingine imeandikwa volti 100, au 70. Hapa ndipo penye hatari, na hapa ndipo penye elimu.

Kwa nini kuwe na volti 100? Kwa sababu honi huwa mbali. Chukua amplifaya ya wati 60. Wati hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea. Katika skrubu ya volti 100, wati 60 husafiri kwa mkondo wa ampea 0.6 tu. Katika skrubu ya omu 8, wati hizohizo 60 huhitaji volti 22 hivi na mkondo wa karibu ampea 2.7. Sasa tuseme waya wa kwenda na kurudi una ukinzani wa omu 2. Nguvu inayopotea ndani ya waya ni mkondo ukizidishwa kwa mkondo, kisha kwa ukinzani. Kwa ampea 2.7 zinapotea karibu wati 15, yaani robo ya nguvu yote, kwa kuupasha waya moto bure. Kwa ampea 0.6 haipotei hata wati moja.

Watoto wa Kilombero wanao mfano mkubwa wa kanuni hii karibu nao. Bwawa la Kidatu, lililoanza kuzalisha umeme mwaka 1975 na ambalo mitambo yake ina uwezo wa megawati 204, hupeleka umeme Morogoro na Dar es Salaam kwa njia ya volti 220,000. Anayeitazama minara ile na kuuliza kwa nini waya zimewekwa juu vile atajibiwa kwamba volti ni nyingi mno. Akiuliza kwa nini volti ziwe nyingi, jibu ni lilelile la honi ya mkutano: ili mkondo uwe mdogo na waya usile umeme njiani. Mwalimu anayefika hapa amefunga sanduku la stoo na mnara wa mlimani kwa uzi mmoja. Tunaamini kwamba mtoto aliyeona jambo hilo hatalisahau.

Tena kwa kanuni hiyohiyo inajulikana kosa la kuepukwa. Spika ya sabufa kwa kawaida ni ya omu 4 au 8. Ikiunganishwa kwenye skrubu ya volti 100, spika ya omu 8 itadai ampea 12.5, na hesabu ya wati itafika 1,250. Amplifaya ya wati 60 haina nguvu hizo. Itajaribu kuzitoa, nayo itakata fyuzi au itaungua, na pengine spika nayo itaungua pamoja nayo. Shule inayounguza amplifaya yake ya pekee haitapata nyingine kesho, na kikao cha wazazi kitaendeshwa kwa kupiga kelele. Dakika tano za kuzidisha na kugawanya zingaliizuia hasara hiyo.

Je, yawezekana?

Sasa tulijibu swali la mtoto. Yawezekana, ila kwa masharti, na kila sharti lina sababu yake.

Kwanza, spika ipimwe kwa mita. Spika ya omu 8 husoma karibu omu 6 kwenye mita, na ile ya omu 4 husoma omu 3 na kidogo. Isiposoma chochote, waya wake wa ndani umekatika, na kazi yote imekwisha hapo.

Pili, spika iunganishwe kwenye skrubu yenye namba inayolingana na ukinzani wake. Skrubu ya volti 100 ifunikwe kwa utepe wa umeme ili asije mtu akaigusa.

Tatu, sauti nyembamba zichujwe kabla hazijaingia katika amplifaya, maana sabufa haizihitaji. Kichujio chepesi kabisa ni rezista moja na kapasita moja, ambazo zaweza kutolewa katika redio iliyokufa. Sauti kutoka redioni ipite katika rezista ya omu 10,000, na baada ya rezista hiyo kapasita ya mikrofaradi 0.15 iunganishwe kati ya waya wa sauti na waya wa ardhi. Mitetemo inayozidi hezi 106 hivi itaanza kupungua, na kadiri inavyozidi kuwa mingi ndivyo inavyozidi kufifia.

Nne, spika ibaki katika sanduku lake. Kiwambo kinapokwenda mbele husukuma hewa, na wakati huohuo upande wake wa nyuma huivuta. Bila sanduku, hewa iliyosukumwa huzunguka ukingo na kujaza pengo la nyuma, na sauti nzito huuana yenyewe kwa yenyewe. Hili nalo ni jaribio zuri la darasani: spika ipigwe nje ya sanduku, kisha ndani, na wanafunzi waseme wamesikia nini.

Tano, na hili ndilo ambalo wengi hawalijui, tusitazamie makubwa. Amplifaya nyingi za mikutano hutoa sauti kupitia transfoma, na transfoma hiyo ilipimwa kwa maneno. Kiini chake cha chuma hubeba usumaku kwa kiasi maalumu tu. Kwa volti zilezile, mitetemo ikipungua kwa nusu, usumaku ndani ya chuma huongezeka maradufu. Transfoma inayobeba nguvu zake zote kwenye hezi 100 itaweza nusu tu ya volti hizo kwenye hezi 50, na nusu ya volti ni robo ya wati. Ikilazimishwa zaidi, chuma hushiba, sauti hukwaruza na amplifaya hupata moto. Kwa hiyo amplifaya ya wati 60 yaweza kuwa na wati 15 tu za sauti nzito kabisa. Kwa chumba cha darasa zatosha. Kwa uwanja wa mpira hazitoshi, na mwenye kuzungusha kitufe hadi mwisho anajidanganya.

Pingamizi na majibu yake

Tunajua kwamba wapo walimu wenzetu watakaosema kuwa kazi hii ni ya fundi. Ni kweli kwamba kutengeneza ni kazi ya fundi, na tunamheshimu kwa hiyo. Lakini kueleza sababu ni kazi ya mwalimu. Vijana wengi wa Ifakara hujifunza umeme kwa kuunganisha na kungoja kuona kama moshi utatoka. Baadhi yao huwa mafundi stadi kwa njia hiyo, lakini gharama ya kila kosa hulipwa na mwenye chombo. Shule ipo ili mtoto asilazimike kuanza pale alipoanzia fundi wa kwanza. Na kama fundi yuko karibu na shule, aalikwe darasani. Mikono yake na hesabu ya mwalimu vikikutana, mtoto atapata vyote viwili.

Wengine watasema kuna hatari. Hoja hii ni nzito na hatuipuuzi. Umeme wa nyumbani kwetu ni volti 230, na huua. Zaidi ya hayo, kapasita kubwa zilizomo ndani ya amplifaya huendelea kushika umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Kwa hiyo twasema wazi: katika somo hili kifuniko cha amplifaya hakifunguliwi na mwalimu wala mwanafunzi. Kazi yote hufanyika nje, kwenye skrubu za nyuma, na chombo kikiwa kimezimwa. Amplifaya nyingi za mikutano zina mahali pa kuunganishia betri ya volti 12, kwa sababu ziliundwa pia kwa ajili ya magari ya matangazo. Hiyo ndiyo njia bora kwa darasa: betri ya gari au ya sola, na fyuzi katika waya wake. Hata hivyo mwanachuo asisahau kwamba skrubu ya volti 100 yaweza kumdhuru mtu hata pale umeme unapotoka katika betri ya volti 12, kwa kuwa transfoma imekwisha kuupandisha. Ule utepe wa kufunikia haupungui umuhimu.

Wapo pia watakaosema kwamba tunaleta dansi shuleni. Kwao tunajibu kuwa sabufa ilikwisha kufika bila kutungoja, na mtoto huisikia kila siku bila mtu wa kumweleza. Somo hili ndilo mahali pa kumfundisha kwamba masikio yana kikomo. Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba mtu mzima asisikilize sauti ya desibeli 80 zaidi ya saa 40 kwa wiki, na kwa watoto kiwango hicho kishushwe hadi desibeli 75. Vilevile lashauri kwamba sauti ikipanda desibeli 3, muda wa kusikiliza upunguzwe kwa nusu. Mtoto anayejua hayo ana hoja ya kumpa jirani mwenye kupiga muziki usiku kucha, na ana sababu ya kujihurumia mwenyewe.

Chombo hakifundishi peke yake

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule isitengane na maisha ya watu waliomo. Mara nyingi tumelielewa jambo hilo kuwa ni jembe na bustani ya shule, na bustani ni njema. Lakini maisha ya watu wa bonde hili leo ni pamoja na nyaya, betri, simu na spika, na kujitegemea katika hayo ni kuyaelewa. Mtu asiyeelewa chombo chake humtegemea muuzaji leo, na kesho hukitupa na kununua kingine.

Bonde lenyewe lina historia ya kugeuza vyombo. Reli ya TAZARA ilipojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, Mang'ula palikuwa na kambi na karakana kubwa ya ujenzi. Kazi ya reli ilipokwisha, karakana ile haikuachwa iote kutu. Ilibaki kuwa kiwanda cha zana za chuma. Mashine zilizokuwa zikiitumikia reli zilipewa kazi nyingine. Hilo liliwezekana kwa sababu walikuwapo watu waliojua mashine zile zaweza nini na haziwezi nini.

Tukumbuke pia kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi vya kusikiliza redio, wakajifunza juu ya maji safi, vyoo na malaria. Redio iliwakusanya, lakini mafunzo hayakuishia redioni. Baada ya kipindi kiongozi wa kikundi aliizima, watu wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Nasi twashauri vivyo hivyo. Sabufa ikishanguruma na watoto wakishashangilia, mwalimu na aizime. Somo laanza hapo.

Mapendekezo yetu kwa vyuo

Kwanza, kila chuo kitafute amplifaya moja kuukuu na spika moja ya sabufa iliyotupwa, na kiziweke katika chumba cha sayansi pamoja na mita, betri na nyaya. Pili, wanachuo wafanye kazi hii wawiliwawili, kila jozi ikiandika hesabu zake kabla ya kushika waya wowote, na mkufunzi asiwape ruhusa ya kuwasha mpaka ameziona. Tatu, katika jozi yenye mvulana na msichana, msichana asiachiwe kazi ya kuandika tu. Tumezoea kuona wavulana wakishika bisibisi na wasichana wakishika kalamu, na desturi hiyo mwalimu huipeleka moja kwa moja hadi darasa analokwenda kufundisha. Wabadilishane. Nne, kila mwanachuo atayarishe andalio la somo lenye maswali yasiyopungua matano ambayo yeye mwenyewe alijiuliza wakati wa kazi, si yale aliyoyakuta kitabuni.

Hatudai kwamba mtoto wa darasa la tano akokotoe mambo ya usumaku wa transfoma. Kwake yatosha kujua kwamba sauti kubwa si sauti nzito, kwamba wati ni volti mara ampea, na kwamba namba zilizoandikwa nyuma ya chombo zina maana na zasomwa kabla ya kuunganisha. Lakini mwalimu wake lazima ajue zaidi ya hayo, maana mtoto atauliza zaidi ya hayo.

Ndugu wanachuo, wengi wenu mtapangiwa shule ambazo stoo zake zina vyombo vilivyokaa miaka bila kuguswa, kwa kuwa hapana aliyethubutu kuuliza vinafanyaje kazi. Mtakapofika, ombeni ufunguo wa stoo. Someni namba zilizoandikwa nyuma ya kila chombo, mziandike katika daftari, kisha mwulize mwalimu mkuu kilinunuliwa kwa kazi gani. Ni matumaini yetu kwamba kwa njia hiyo masomo ya sayansi katika bonde la Kilombero, na kwingineko nchini, yatatoka ubaoni na kuingia mikononi mwa watoto.